Kiamshakinywa cha shilingi 140 Mikinduri, na sufuria ya uji inayokaribia kustaafu

Siku hizi nina sheria tatu za kiamshakinywa. Kisinishikilie mezani zaidi ya dakika 15. Kisizidi shilingi 150. Na kiwe na kitu cha maana ndani yake, si kujaza tumbo tu ndio tusonge na siku. Wanaonifuata mtandaoni wanajua sheria hizi sikuziokota kwa video ya mtu. Nilizitoa kliniki, na hiyo hadithi inakuja.

Jumamosi iliyopita nilizibeba hadi Mikinduri, Tigania Mashariki, kaunti ya Meru. Nilikuwa naenda kumsalimia nyanya yangu, na kwa sababu matatu iliondoka Meru mjini kabla sijatia chochote mdomoni, nikajiambia nitakula nikifika. Unashuka pale, milima ya Nyambene iko hapo nyuma kama ukuta, baridi ya asubuhi bado inauma, na steji imechangamka kitambo. Nduthi zimepangwa, mtu anafunga miraa kwa majani ya mgomba, mwingine anapiga kelele za abiria wa Meru.

Nikamwendea jamaa wa boda. "Boss, hapa kuna kafe poa?"

"Ya intaneti?"

"Ya kula."

"Aaah, hoteli! Si ungesema hoteli."

Kwa wasomaji wetu kutoka nje: huku kwetu hoteli haina vitanda. Hoteli ni meza nne, benchi, chupa kubwa za chai, na mtu anayejua unavyopenda chapati yako. Mjini tunaiita kibanda na tunaongeza "ski" mwishoni ndio isikike na heshima.

Ile niliyoelekezwa ni ya mabati, imepakwa rangi ya samawati ambayo jua limeshaila upande mmoja. Menyu imeandikwa ukutani kwa chaki. Chai 20, mandazi 10, chapati 20, yai 25, ndengu 50, nduma 40, uji 30. Karibu na mlango kuna sanduku la kioo limejaa mandazi ya moto. Nyuma kabisa, kwenye jiko la kuni, kuna sufuria mbili. Moja ya nduma, nyingine ya uji.

"Karibu, msichana wangu," mama mwenye hoteli akaniambia. Mkono tayari ulikuwa kwa chupa ya chai. "Chai na mandazi ngapi?"

"Asante, mama. Naomba nduma. Na uji."

Mkono ukasimama. Akaniangalia kichwa hadi viatu.

"Uji? Wewe ni mgonjwa?"

Hoteli ikacheka, nami nikacheka nao. Lakini alikuwa ameuliza kwa dhati. Akanieleza baadaye kwamba wanaoagiza uji kwake ni watu wa aina tatu tu: wazee, waja wazito, na walioambiwa na daktari. Kijana mzima akiuagiza, lazima kuna kitu.

Sasa mimi, kwa bahati mbaya au nzuri, niko kwenye kundi la tatu.

Brunch ya picha

Nilikuwa chuoni Nairobi, mwaka wa pili wa diploma. Tulikuwa wasichana wanne na kila Jumapili moja kwa mwezi tulikuwa na "brunch". Mkahawa mzuri, maua mezani, mkate uliopakwa avokado na yai juu, kahawa yenye mchoro wa jani. Mara ya mwisho bili yangu ilikuwa 1,150. Picha zilitoka fiti sana. Watu wakasema naishi maisha.

Wasichoona ni Jumatatu hadi Ijumaa. Zile pesa zilikuwa za matumizi ya wiki. Kwa hivyo asubuhi ilikuwa chai ya rangi, mchana chai na mandazi mbili, usiku ugali na sukuma kama kuna mtu amepika. Na katikati kukiwa na kazi ya kuandika usiku, kinywaji cha kuongeza nguvu. Nilikuwa nachoka nikipanda ngazi za ghorofa moja. Nilidhani ni uvivu. Mamangu pia alidhani ni uvivu.

Halafu asubuhi moja nikaanguka steji nikingoja matatu. Watu wakanimwagia maji, mwanamke mmoja akanishika mkono hadi zahanati. Wakapima damu. Hemoglobini 8.6. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 12 kuwa upungufu wa damu. Nesi akaniuliza, "Asubuhi wewe hula nini?" Nikaanza kumwambia kuhusu avokado na yai. Akaniuliza tena, polepole, "Leo. Jana. Juzi." Nikanyamaza.

Sitawadanganya kwamba niliacha chuo kwa sababu ya kiamshakinywa. Niliacha kwa sababu ya karo. Lakini nikihesabu zile Jumapili, najua kuna muhula mmoja ambao sehemu yake niliila na mkate wa kuchoma.

Nesi alinipa vidonge vya madini ya chuma na akanionya nivimalize, kwa sababu chakula peke yake hakikimbii vya kutosha ukiwa umeshuka hivyo. Kisha akanipa somo ambalo ndilo natembea nalo hadi leo. Moja: chai iondoke kwenye sahani. Majani ya chai yana kitu kinachoshika madini ya chuma yaliyo kwenye mimea kama maharagwe na mboga, yakapita tu bila kuingia mwilini. Kunywa chai, lakini saa moja hivi baada ya kula. Mbili: tunda lenye vitamini C, kama chungwa au pera, likiliwa pamoja na chakula hufanya kinyume chake, linasaidia chuma kuingia. Na pera, lile lile tulilokuwa tunarushiana mawe kulipata, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Tatu: usiruke asubuhi halafu ujaribu kulipa deni usiku.

Kilichokuwa kwenye sahani

Turudi hotelini. Nduma ilikuja moja kubwa, imekatwa vipande, bado inatoa moshi. Nikaongeza mayai mawili ya kuchemsha, nusu ya avokado kwa shilingi 10, na ndizi mbivu moja 10. Uji kwenye kikombe cha bati, ule uji mchachu ambao Kimeru tunauita ucuru. Piga hesabu: 40, 50, 10, 10, 30. Jumla 140.

Wacha niwachambulie, kwa sababu mimi pia nilikuwa nala hivi vitu utotoni bila kujua ni nini.

Nduma kwanza. Kwa Kiingereza Wakenya wengi tunaiita arrowroot, na tunakosea. Arrowroot ni mmea mwingine kabisa. Hii yetu dunia inaijua kama taro, na inaliwa kutoka Afrika Magharibi hadi Hawaii. Ni wanga, ndiyo, lakini wanga wenye nyuzinyuzi, unaokaa tumboni. Mandazi hukuacha ukitafuta nyingine saa nne. Nduma ya saa mbili nilibeba hadi saa saba. Sharti lake ni moja tu, ichemshwe ikaive kabisa. Ikiwa mbichi ina vijisindano vidogo sana vya oksaleti, ndivyo vinavyowasha koo. Kama nduma imewahi kukuwasha, si mzio. Mpishi alikuwa na haraka.

Yai moja lina protini kama gramu sita. Mawili, kumi na mbili, bila tone la mafuta ya kukaangia. Avokado ni mafuta mazuri, na tofauti ya ile ya Nairobi na hii ni kwamba hii haikupakwa kwa mkate na kupigwa picha.

Uji sasa. Unga wa mama ni wa wimbi, na wimbi lina kalisi zaidi ya miligramu 300 kwa kila gramu 100. Mahindi hayafikii hata sehemu ya kumi ya hiyo. Anaukoroga na maji, anauacha siku mbili au tatu uchachuke, kisha anauchuja na kuupika. Nilidhani kuchachusha ni kwa ajili ya ladha tu. Kumbe nafaka zina kitu kinaitwa faiteti, nacho pia hushika madini ya chuma yasiingie mwilini, na kule kuchachuka huipunguza. Yaani bibi zetu walikuwa wanafanya kazi ya nesi wangu, bila karatasi ya maabara.

Alipouliza kama aweke sukari nikamwambia kijiko kimoja. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa ikae chini ya asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita vya chai. Siku nzima, si kikombe kimoja.

Nilikuwa nimemaliza kwa dakika 12. Saa ilikuwa inaelekea nne kasoro, na hoteli ikaanza kujaa. Nikakumbuka kwamba neno "brunch" lenyewe lilitungwa na Mwingereza anayeitwa Guy Beringer mwaka 1895, akiwatetea watu waliokesha Jumamosi usiku ili wasilazimishwe kuamka mapema Jumapili. Sisi tumekuwa nayo miaka yote na hatujaipigia debe. Inaitwa chai ya saa nne. Fundi anaiweka kwenye mkataba, mwalimu anaingojea kengele, mchumaji wa miraa aliyeamka na giza anaihesabu kama haki yake. Tofauti ni kwamba sisi hatukukesha. Tumeshafanya kazi nusu siku.

Jamaa wa meza ya pili

Yule boda aliyenielekeza akaingia, akakaa meza ya pili. Hakuagiza chakula. Alikuwa na kinywaji cha kuongeza nguvu kwenye chupa ya plastiki na kifurushi cha miraa kwa mfuko wa koti.

"Hulli?" nikamuuliza.

"Saa kumi jioni, siz. Nikila saa hii stimu inakata."

Hii si uongo wa steji. Miraa ina kemikali inayoitwa kathinoni ambayo huamsha mwili na wakati huo huo huzima njaa. Kwa hivyo mtu anaweza kuendesha nduthi tangu saa kumi na mbili asubuhi bila kusikia tumbo likimwita. Njaa imezimwa, ila mwili bado unadai. Sukari ya ile chupa inampandisha, halafu inamwangusha, halafu anaongeza nyingine.

Nami sikuja Mikinduri kuhubiria mtu kuhusu miraa. Miraa ndiyo iliyosomesha nusu ya watu ninaowajua, na kwa mihula michache ilinisomesha mimi. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, kijana wa huku aliisikia mfukoni kabla ya kuisoma kwa gazeti. Somalia ilipofunga soko Machi 2020 na kulifungua tena Julai 2022, katikati hapo ndipo karo yangu ilianza kuja nusu nusu. Najua huo mti unashikilia nini.

Nilimsukumia tu sahani. Vipande viwili vya nduma vilikuwa vimebaki.

Akachukua kimoja. Akatafuna polepole, akacheka.

"Shosho alikuwa anatupatia hizi twende nazo shule. Kwa mfuko wa sweta. Unajua nilikuwa nazificha?"

"Kwa nini?"

"Wale wa kwetu walikuwa wanakuja na mkate. Ukitoa nduma unachekwa hadi Ijumaa. Unaitwa wa shamba."

Hapo nikaelewa swali la mama, lile la "wewe ni mgonjwa". Mkate ulikuwa na maana ya kwamba kwenu kuna pesa. Nduma ilikuwa na maana ya kwamba kwenu kuna mto. Tukakua tukikimbia mto. Mimi nilikimbia hadi nikalipa 1,150 nile avokado ya kutoka kwa miti kama ya kwetu. Yeye alikimbia akaishia kwenye chupa ya plastiki. Tumefika mahali tofauti lakini tulianzia sweta moja.

Akachukua kipande cha pili bila kuulizwa.

Hesabu ya mama

Watu walipopungua nilimuuliza mama kama biashara ya nduma na uji inalipa. Akakaa, akajifuta mikono kwa leso.

"Mandazi nikikaanga themanini, saa tatu zimeisha. Uji nikipika lita tano, saa sita nusu bado iko. Huo siwezi kuuza kesho. Tunakunywa nyumbani mpaka watoto wanalia."

Unga wa wimbi humpata kwa bei ya juu kuliko wa mahindi. Nduma ananunua kwa mtu anayezipitisha na pikipiki, na kuziivisha kunakula kuni karibu saa nzima. Mandazi inaiva kwa dakika.

"Kijana wangu anasema niondoe hiyo sufuria ya uji niweke jiko la chipsi. Anasema nitapata mara mbili. Na ni ukweli, nitapata." Akaiangalia ile sufuria. "Nimemwambia tungoje mwisho wa mwezi."

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia kuhusu kalisi na faiteti, lakini kalisi hailipi kodi ya hoteli. Nikimwambia asiweke chipsi, ni nani atanunua zile lita mbili na nusu zinazobaki? Mimi niko Meru mjini. Wasomaji wangu wako Nairobi, Nakuru, Mombasa, wengi wenu mnasoma hii mkiwa na kikombe cha chai na mandazi, na siwalaumu, nimekuwa hapo. Mandazi si sumu. Ni shilingi 10, inashibisha, na mwenye kuamka saa kumi alfajiri hana muda wa kusikiliza mwanablogu. Ninachosema ni kwamba kuna vitu vinaondoka kwa menyu za hoteli zetu si kwa sababu ni ghali, wala si kwa sababu ni vibaya, ila kwa sababu tunaona aibu kuviagiza mbele ya watu.

Kwa hivyo nilifanya kitu kidogo nilichoweza. Nikaagiza kikombe cha pili cha uji, nikanunua nduma mbili za kubeba, akanifungia kwa gazeti. Nikalipa kwa simu.

Nyanya anapiga hesabu yake

Nilipofika kwa nyanya nikamkabidhi ule mzigo kwa madaha, kama mtu ametoka Dubai. Akaufungua. Akaangalia nduma. Akaniangalia.

"Umenunua nduma?"

"Ndiyo, nyanya."

"Kwa pesa?"

Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba hadi kule chini kwa kijito. Nduma zimejaa, majani mapana kama masikio ya ndovu, zingine zimezeeka ardhini. Akasema zamani alikuwa anachimba kila wiki. Siku hizi yuko peke yake, wajukuu wakija wanataka mkate, na mgongo haumruhusu kuchimba kitu ambacho hakuna wa kukila.

"Huyo mama wako ananunua kwa nani?"

Nikamweleza kuhusu mtu wa pikipiki na bei yake.

Nyanya akatoa sauti ile ya wazee wakisikia bei. "Mwambie mimi nitampa kwa nusu. Lakini alete mtu wa kuchimba. Na arudishe miche."

Nambari ya mama ilikuwa kwenye ujumbe wa malipo. Nikampigia tukiwa bado tumesimama kwenye matope. Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua ni nduma za aina gani, kama zinawasha, na ni umbali gani kutoka steji. Nikampa nyanya simu. Wakaongea Kimeru cha haraka ambacho mimi, mtoto wa mjini, nilishika nusu tu. Nusu niliyoshika ilikuwa kuhusu bei.

Wimbi hakuna mtu wa kumpunguzia, kwa hivyo uji sijui. Mwisho wa mwezi bado unakuja, na yule kijana wake bado anataka jiko la chipsi. Lakini jioni, nikiwa kwa matatu ya kurudi Meru, simu ikalia. Ujumbe wa mama: "Jumamosi kuja na mbili nionje kwanza. Yule wa boda ameuliza kama nduma zimebaki."

Nitazibeba kwa mfuko wa sweta.